Sauti ya Norman Sugden

Kanuni ya Kumi na Nne ya Chama cha Opera cha Ridhaa cha Ackenshaw, kama ilivyopitishwa bila kupingwa katika mkutano mkuu wa mwaka 1961, inatamka kwamba nafasi zote jukwaani, kubwa kwa ndogo, zitatolewa kwa kuzingatia sauti na sauti tu. Na kwamba umri, sura, ukoo, cheo cha kanisani na miaka ya utumishi havitakuwa na uzito wowote. Kanuni hiyo ilipigwa chapa ikabandikwa kwenye ubao wa chumba cha shule ya Jumapili cha kanisa la Wamethodisti, ambako chama kilifanyia mazoezi, kati ya tangazo la maonyesho ya vitunguu na tangazo la paka aliyepotea. Wanachama waliisoma wakiwa na vikombe vya chai mkononi, wakakubaliana kwamba ni maneno mazito. Mtu mmoja tu aliisoma mara ya pili, kisha akarudisha kikombe chake mezani kikiwa bado kimejaa.

Huyo alikuwa Norman Sugden, dereva wa gari la maiti.

Norman alikuwa mrefu na mwembamba, mwenye uso ulioumbwa makusudi kwa kazi ile. Hata ukimsimulia kichekesho alikutazama kama mtu anayekupa pole. Mchana kutwa alitembea taratibu na kusema kwa kunong'ona. Aliingia nyumba za watu siku ambazo hawakutaka kumwona, na wakikutana naye sokoni wiki inayofuata, walivuka barabara. Hakuwalaumu, na yeye angevuka. Lakini jioni tatu kwa wiki, tangu majani yanapoanza kupukutika hadi theluji inapoyeyuka, Norman alikuwa haramia, au askari wa mfalme, au mwanakijiji wa nchi fulani yenye jua, na watu walimpiga mgongoni, wakamkanyaga miguu, wakamwambia asogee mbele asiwe mzigo. Mji mzima hapakuwa na mahali pengine ambapo mtu alithubutu kumkanyaga mguu.

Aliingia chamani kwa sababu ya mkewe. Mavis Sugden alikuwa mfumaji katika kiwanda cha sufu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya pili pana kama meza, na mara tu walipooana Norman aligundua kwamba ameoa mtu ambaye majira ya baridi hayuko nyumbani. Akaona heri akasimame karibu naye kuliko kubaki na redio.

Sasa, katika vyama hivi mwanamume ni bidhaa adimu. Wanawake huja wenyewe, kwa makundi, na binti zao. Wanaume huwindwa. Mwaka mmoja jeshi lote la Austria lilikuwa na wanaume watano, na wawili kati yao walikuwa dada wawili wa ukoo wa Firth waliochorwa masharubu kwa mkaa. Kwa hiyo Norman alipojitokeza, kiongozi wa muziki wa siku zile, Mzee Crossley, alimpokea kama mvua. Akamkalisha karibu na piano, akamtaka apandishe sauti ngazi kwa ngazi. Norman akapandisha. Mzee Crossley akakifunga kifuniko cha piano polepole, kama ambavyo Norman mwenyewe hufunga vifuniko vyake.

"Bwana Sugden, umewahi kuimba mbele ya mtu?"

"Mke wangu."

"Na bado mnaishi pamoja?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi umeoa malaika. Nisikilize. Nahitaji haramia mrefu, asimame nyuma kushoto. Mdomo uwe unaufungua. Koo liache limefungwa hivyo hivyo. Ukiweza hilo, utazeekea hapa."

Akaanza kuzeekea pale. Robo karne nzima Norman alisimama nyuma kushoto, akafungua mdomo, hakutoa sauti. Si kazi rahisi kama inavyodhaniwa. Alijifunza kila neno, alivuta pumzi pale wenzake walipovuta, na kwenye noti ndefu alikaza mishipa ya shingo. Watu wa viti vya mbele waliwahi kusema kwamba besi ya yule mrefu wa nyuma inatikisa mbao. Mzee Crossley hakumwambia mtu. Alipofariki, siri yake ilikwenda naye makaburini kwa mwendo wa heshima, Norman mwenyewe akiwa kwenye usukani.

Ndipo akaja Emrys Probert.

Bwana Probert alikuwa mtu wa Wales, na watu wa Wales huamini kwamba kuimba ni jambo la kweli. Alikuja Ackenshaw kufundisha muziki katika shule ya wavulana, chama kikampa fimbo ya uongozi, naye akakuta kwamba binti mfalme wa miaka kumi na minane huchezwa kila mwaka na mke wa mwenyekiti, ambaye alikuwa na wajukuu. Akapendekeza Kanuni ya Kumi na Nne. Kisha akaleta pazia. Kamati ingekaa upande mmoja wa pazia, waimbaji upande wa pili, kila mtu na nambari aliyoiokota kwenye mkebe wa tumbaku, na nambari ya nani ni ipi angeijua mpiga piano peke yake, Miss Ivy Thackray, ambaye alikuwa mpiga kinanda wa kanisa na hivyo alichukuliwa kuwa haongei. Gazeti la mji liliandika habari ya pazia safu nzima, na picha ya Bwana Probert amelishika. Hakuna atakayesamehewa, alisema Bwana Probert: hata wa kwaya, hata aliyekuwepo tangu enzi za mishumaa. Asiyeimba aende zake, nafasi apewe anayeimba.

Jioni ile Norman hakuligusa pai lake.

"Nitawaambia mgongo unaniuma," alisema. "Najitoa mwenyewe. Kuna heshima kidogo katika kujitoa."

"Mgongo wako hauna kitu," alisema Mavis. "Kula njegere hizo."

"Mavis, kuna jambo sijawahi kukuambia. Kule nyuma, mimi huwa si..."

"Norman. Nasimama hatua tatu mbele yako tangu kabla ya vita. Una hakika unataka kuniambia nisichosikia?"

Norman akala njegere. Mavis akavaa koti, akafunga kitambaa kichwani, akatoka kwenye mvua kwenda kwa Percy Lumb.

Percy alikuwa mpeleka barua wa mashamba ya huko juu mlimani, mtu mfupi, mwekundu wa mashavu, mwoga wa kila kitu isipokuwa mbwa. Alisimama nyuma kushoto karibu na Norman, na kila mwaka aliomba nafasi ya kuimba peke yake, na kila mwaka, mbele ya kamati, koo lake lilifunga mlango. Kilichotoka kilikuwa kama bawaba ya banda la kuku. Walimpenda wote, wakamwambia ajaribu mwakani. Ila wenye mashamba ya mlimani walikuwa na habari nyingine. Walisema barua zikifika kule juu, hutangulia sauti, na kondoo huinua vichwa.

"Utaimba mara mbili," Mavis alimwambia akiwa bado mlangoni. "Nambari yako, halafu ya Norman. Uimbe wastani. Usiimbe vizuri wala usiharibu. Imba kama mtu wa nyuma kushoto."

"Mavis, hiyo si dhambi?"

"Ni opera, Percy. Ivy Thackray nimeshaongea naye."

"Alisema nini?"

"Haongei."

Siku ya kuimbishwa ilifika. Mchezo wa mwaka ule ulikuwa *Mateka wa Moldovia*, ambao kila chama cha namna hii huurudia kila baada ya miaka michache, kama mtu anavyopaka nyumba rangi: kuna ngome mlimani, kuna binti mfalme aliyejigeuza mwuza maua, na kuna bwana jela mzee ambaye katika sehemu ya pili anasimama na bunda la funguo na kuimba kwamba amekaa gerezani miaka mingi kuliko wafungwa wake. Ni wimbo wa besi. Ni wimbo ambao watu hulipia tiketi.

Percy aliimba nambari nne, ambayo ilikuwa yake. Bawaba ya banda. Upande wa pili wa pazia mtu alikohoa kwa huruma. Wengine wakaimba. Kisha Miss Thackray akatangaza, bila kugeuza shingo, "Kumi na moja," ambayo ilikuwa ya Norman. Norman akasimama, akabaki amesimama, na Percy akapita mbele yake kwa ncha za viatu.

Sijui hasa kilichotokea, wala Percy hajui. Alikuwa na nia ya kuimba wastani. Lakini sauti iliyotoka ilijaza chumba kile hadi kwenye masanduku ya vitabu vya nyimbo. Nyuma ya pazia kiti kilikwaruza sakafu. Sauti ya pili yote, wanawake kumi na watatu waliokaa na sindano zao za kufuma, waliacha kufuma. Walimwona Percy akiimba, walimwona Norman amesimama ameshika kofia, wakamtazama Mavis, wakarejea kufuma.

Majibu yalisomwa baada ya chai. "Bwana jela," alisema mwenyekiti, akaivua miwani, akaivaa tena. "Nambari kumi na moja. Bwana Norman Sugden." Mkewe mwenyekiti alikuwa amepewa nafasi ya mama mlezi na hakuwa akisikia lolote. Wengine walipiga makofi. Norman aligeuka mweupe kama shuka, lakini kwa uso ule hakuna aliyetambua tofauti.

Walirudi nyumbani watatu, mvua ikinyesha.

"Nilijitahidi kuharibu," alisema Percy. "Naapa. Lakini nilipofungua mdomo nikakumbuka si mimi. Nikajisemea, lolote litakalotokea, ni aibu ya Norman."

"Asante," alisema Norman.

"Samahani, Norman."

"Hapana. Naelewa."

Kesho yake Norman alikwenda shuleni, akamkuta Bwana Probert akila mkate wa jibini kati ya madaftari, akamweleza yote, amesimama, kofia mkononi, kwa sauti ile anayotumia kuuliza familia kama marehemu azikwe na pete yake au bila. Bwana Probert aliuweka mkate chini.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu. Percy. Miss Thackray."

"Basi?"

"Na sauti ya pili. Yote."

Bwana Probert akafikiri juu ya gazeti. Akafikiri juu ya chama cha mji wa jirani, ambacho kilikuwa kimeandika kuomba kipimo cha pazia. Kisha akamwita Percy, akamwambia kwa upole: nafasi ni yako, imba tu hapa mbele yangu, basi, tutaandika upya. Percy akaimba. Bawaba. Akamgeuza atazame ukuta. Bawaba. Akamzimia taa, ingawa ilikuwa saa nane mchana. Mwishowe Norman, ambaye alikuwa bado anangoja kufukuzwa, akasogea, akasimama mbele ya Percy, akafungua mdomo kama alivyozoea. Na Percy, akiutazama mdomo wa Norman, akaimba.

Bwana Probert alifumba macho mpaka mwisho wa ubeti.

"Mungu anisamehe," alisema. "Percy, wewe utakuwa mfungwa. Utakaa ndani ya seli, nyuma ya vyuma, nyuma ya Norman. Norman, wewe ufungue mdomo. Ikiwa mwenyekiti ataniuliza, mimi sijui kitu, na nyie hamnijui."

Basi ikawa hivyo. Maleba yaliletwa kwa lori kutoka Leeds na, kama ilivyo desturi, hayakumtosha mtu. Koti la bwana jela lilimfika Norman juu ya viwiko, akaonekana kama mtu aliyekua akiwa kazini. Ukumbi wa mji ulijaa. Jumatatu usiku Norman aliingia na funguo zake, akasimama mbele ya seli, akafungua mdomo, na kutoka gizani nyuma yake ikaja ile sauti. Wanawake wa viti vya mbele walitafuta leso. Gazeti, ambalo kwa miaka yote liliridhika kusema kwamba Norman Sugden pia alikuwepo, liliandika kwamba mji umekuwa ukiishi na lulu bila kujua.

Na hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza, maana Jumanne watu hawakuvuka barabara. Mwuza nyama alimwongezea soseji. Wanaume waliokuwa wakimpungia mkono kwa mbali walimsimamisha mbele ya benki. "Bwana we, Norman, ulikuwa wapi siku zote na koo hilo?" "Mwangalie, bwana jela! Usije ukatufungia!" Alijibu kwa kunong'ona, na walicheka, walidhani anatunza sauti. Jumatano alitembea mtaa mzima katikati ya njia ya miguu. Mavis alimwona kwa dirisha la kiwanda, na hakumwambia mtu kwamba alimwona.

Alhamisi akakutana na Bi. Olive Dyson. Ni Norman aliyemzika mume wa mama huyo mwezi wa Novemba.

"Bwana Sugden," alisema yule mama, akamshika mkono, jambo ambalo wafiwa wa Norman hawakulifanya. "Nilikuwepo jana. Sikuwa nimetoka nyumbani tangu Herbert. Jiwe lake tunaliweka Aprili. Utakuja kutuimbia? Kidogo tu. Herbert alipenda besi."

Norman alikuwa ameficha jambo lake kwa kamati tano na maelfu ya watu waliolipa kiingilio, na dhamiri yake ilikuwa imetulia. Lakini hakuwahi kumdanganya mfiwa. Kazini kwake hiyo ndiyo kanuni pekee. Alisema atamjibu, akaenda nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Nikisema, itakuwa mwisho," alimwambia Mavis. "Wataniondoa. Na hawatakosea. Nitakaa hapa na redio."

"Percy naye atakufa kwa woga."

"Ndiyo. Hilo nalo."

"Sasa utafanyaje?"

"Sijui, Mavis. Tazama tu uso wangu Jumamosi."

"Uso wako," alisema Mavis, "haujawahi kunisaidia kitu."

Jumamosi, usiku wa mwisho, ni desturi ya Ackenshaw kudai wimbo waupendao urudiwe, na kupiga miguu sakafuni mpaka wapewe. Wimbo wa bwana jela ulipokwisha, miguu ilianza. Bwana Probert aliinua fimbo kuurudia. Norman hakufungua mdomo. Aligeuka, akachukua ufunguo mkubwa kuliko wote, akaenda kwenye mlango wa seli.

Tatizo ni kwamba mlango ule haufunguliwi. Katika mchezo hakuna anayetoka, kwa hiyo maseremala wa chama walikuwa wameupigilia misumari. Norman akazungusha ufunguo kwenye tundu lililochorwa kwa rangi. Akavuta. Ngome ya Moldovia ikatikisika hadi kwenye mnara. Akavuta tena, kwa mikono iliyobeba majeneza maisha yake yote, na mlango ukang'oka pamoja na kipande cha ukuta na sehemu ya mlima, na ndani yake, amefungwa minyororo ya karatasi, macho yamemtoka, alikuwa amesimama Percy Lumb.

"Kumbe ni yule wa barua!" mtu alipaza sauti kutoka viti vya juu.

Norman akamshika Percy mkono, akamleta mbele kwenye mwanga. Akawageukia watu. Kwa mara ya kwanza akiwa jukwaani, Norman Sugden alitoa sauti, ile ya kunong'ona, na ukumbi ukanyamaza ili kuisikia.

"Samahani," alisema. "Ni ya huyu."

Kisha akawapa watu mgongo, akasimama ana kwa ana na Percy, akafungua mdomo. Bwana Probert, aliyekuwa na jasho hadi kwenye kola, akashusha fimbo. Percy aliutazama ule mdomo. Mstari wa kwanza ulikuwa bawaba. Mtu mmoja alicheka, na jirani yake akampiga kwa mkoba. Mstari wa pili Percy akaupata. Ubeti wa pili Norman akasogea nusu hatua pembeni, mdomo bado wazi. Kisha nusu nyingine. Na Percy akabaki anatazama pale Norman alipokuwa, ambapo sasa palikuwa na mji mzima wa Ackenshaw, na akaendelea. Haikuwa nzuri kama ya Jumatatu. Noti ya chini kabisa ilikwaruza. Bi. Dyson alisimama kabla ya wengine, na waliobaki wakasimama kwa sababu walikuwa hawaoni.

Nyuma ya jukwaa mwenyekiti alisema kwamba jambo hili ni zito na litahitaji kikao. Akamuuliza Bwana Probert kama alijua. Bwana Probert akasema kwa lugha ya Kiwelisi kitu kirefu. Akamuuliza Miss Thackray, na Miss Thackray hakuongea. Mke wa mwenyekiti, akiwa bado na kilemba cha mama mlezi, akamwuliza mumewe kama anafahamu ni wanaume wangapi watabaki nyuma kushoto akiwaondoa hawa wawili, na kama yuko tayari kuvaa soksi ndefu yeye mwenyewe. Kikao kikaahirishwa.

Aprili, jiwe la Herbert Dyson lilipowekwa, Percy aliimba beti mbili kwenye mvua, amemtazama Norman, ambaye alikuwa amemleta kwa gari lake refu kwa sababu lilikuwa likienda upande huo.

Kanuni ya Kumi na Nne haikuwahi kufutwa. Mchezo wa mwaka uliofuata una balozi mmoja, mtu mrefu, ambaye yupo jukwaani tangu mwanzo hadi mwisho na haimbi hata mstari mmoja. Kamati ilimpa Norman nafasi hiyo kwa kauli moja, pazia la Bwana Probert likiwa bado halijatolewa kabatini.